Dawa itangulie kisu

Fungua faili ya mama yeyote aliyejifungua kwa upasuaji, utafute namba mbili: saa dawa ya kinga, yaani antibiotiki ya kuzuia maambukizi, ilipoingia kwenye mshipa, na saa kisu kilipogusa ngozi. Namba ya pili mara nyingi ipo, kwa kuwa daktari huiandika kwenye ripoti yake. Ya kwanza ndiyo shida. Pengine pameandikwa "amepewa" bila saa, pengine hapana kitu kabisa, na dawa inaanza kuonekana kwenye karatasi ya wadini baada ya mama kurudishwa kitandani: seftriaksoni kila siku, metronidazoli mara tatu kwa siku, siku tano. Amechomwa sindano nyingi, ndugu zake wamepanda boda mara mbili kwenda duka la dawa, na ile dozi moja ambayo ingemkinga haikutolewa kwa wakati wake.

Naandika kwa wakunga, manesi, matabibu na watu wa usingizi walio kwenye vituo vya afya vya ngazi ya IV na hospitali za wilaya hapa Uganda, kuanzia Arua hadi Kabale. Wanafamilia nao wasome. Sehemu ya mwisho ni yao hasa.

Kwa nini kabla, si baada

Ngozi hata ikioshwa vizuri hubaki na vijidudu ndani ya vinyweleo na vijitundu vya jasho. Upasuaji wa uzazi una jambo la ziada: mfuko wa uzazi umeungana na uke. Mama aliyekaa na uchungu saa nyingi, chupa imeshapasuka, amepimwa njia mara nne au tano, vijidudu vya uke vimeshapanda juu kabla hajafika mezani. Ndiyo sababu anayejifungua kwa kisu ana hatari ya maambukizi mara 5 hadi 20 ya yule anayejifungua kwa njia ya kawaida.

Kisu kinapopita, vijidudu vinaingia kwenye nyama na mafuta ya chini ya ngozi. Damu inaganda pembeni mwa jeraha, mishipa midogo iliyokatwa inafungwa, na mafuta yenyewe yana mishipa michache tangu mwanzo. Dawa inayofika wakati huo inazunguka mwilini vizuri, ila haipenyi kwenye bonge la damu ambamo vijidudu vimeshajificha. Inayotakiwa ni dawa iliyokwishalowa ndani ya nyama wakati kisu kinaingia, ili kijidudu kikianguka kikutane nayo hapo hapo.

Mwaka 1961 daktari wa upasuaji wa Marekani, John Burke, alilionyesha hili kwa wanyama wa maabara. Dawa iliyotangulia vijidudu ilizuia uvimbe. Iliyochelewa saa tatu ilikuwa kama haikutolewa. Mwaka 1992 ukachapishwa uchunguzi wa wagonjwa 2,847 wa upasuaji wa aina mbalimbali. Waliopata dawa ndani ya saa mbili kabla ya kukatwa walipata maambukizi ya kidonda kwa asilimia 0.6. Waliopata zaidi ya saa tatu baada ya kukatwa, asilimia 3.3. Na waliopata mapema mno, zaidi ya saa mbili kabla, asilimia 3.8. Hilo la mwisho linasahaulika: kuwahi kupita kiasi kunaharibu sawa na kuchelewa.

Kwa upasuaji wa uzazi peke yake, mapitio ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, ya mwaka 2014 yalikusanya tafiti 95 zenye wanawake zaidi ya 15,000. Dawa ya kinga ilipunguza maambukizi ya kidonda, ya mfuko wa uzazi na yale makali ya kutishia maisha kwa asilimia 60 hadi 70. Sijui kitu kingine cha bei hiyo kinachofanya kazi kubwa namna hiyo ndani ya chumba cha upasuaji.

Lakini kwa miaka mingi wakunga na madaktari walifundishwa kusubiri mpaka kitovu cha mtoto, ile kamba yenyewe, kibanwe ndipo dawa itolewe. Hofu ilikuwa mtoto: kwamba dawa itapita kwenye kondo la nyuma, ifiche maambukizi yake, au imzoeshe vijidudu sugu. Hofu hiyo ilikuwa na msingi wake, ikapimwa, na jibu likapatikana. Tafiti zilizolinganisha kabla ya kisu na baada ya kitovu zilikuta akina mama waliotangulizwa dawa wanapata maambukizi pungufu kwa karibu asilimia 43, na watoto hawakuzidi kuugua. Hapa kwetu, hospitali ya Mulago jijini Kampala, palifanyika jaribio la aina hiyo, likachapishwa mwaka 2015, likiwa na wanawake 464. Kundi lililopewa dawa dakika 15 hadi 60 kabla ya kukatwa lilikuwa na maambukizi pungufu kwa asilimia 23 kuliko lililopewa baada ya kukatwa. Ni dawa ileile, chumba kilekile. Kilichobadilika ni saa.

Shirika la Afya Duniani liliandika hivyohivyo katika mwongozo wake wa mwaka 2015: kila mama anayepasuliwa apewe, awe wa dharura au wa kupangwa, apewe kabla ya kisu, dozi moja, na dawa iwe sefalosporini ya kizazi cha kwanza au penisilini.

Dawa gani, kiasi gani

Chaguo la kwanza ni sefazolini, gramu 2 kwenye mshipa. Mama mwenye kilo 120 au zaidi apewe gramu 3. Uzito uchukue kwenye kadi ya kliniki, usiukadirie kwa macho. Kuna wanaotoa gramu 1 kwa sababu ndicho kiasi kilichomo kwenye kichupa kimoja. Haitoshi. Mjamzito ana maji mengi zaidi kwenye damu na figo zake zinachuja kwa kasi kuliko kawaida, kwa hiyo kiwango cha dawa kinashuka haraka. Vichupa viwili vya gramu 1, kila kimoja kiyeyushwe kwa mililita 10 za maji ya sindano, vuta vyote kwenye bomba la mililita 20, sukuma taratibu kwa dakika 3 hadi 5. Tikisa kichupa mpaka maji yawe angavu. Ukiona vipande vinaelea, usitumie.

Sefazolini isipokuwepo, ampisilini gramu 2 inakubalika. Kwenye stoo zetu ampisilini mara nyingi huja kwa vichupa vya miligramu 500, maana yake ni vinne. Hapa patahitaji subira: gramu 2 za ampisilini zisukumwe kwa dakika 10 hadi 15. Ikisukumwa kwa haraka inaweza kuleta degedege, na kwa mama mwenye dalili za kifafa cha mimba hutajua kipi kimesababisha. Jambo jingine, ampisilini inaisha mwilini upesi. Upasuaji ukivuka saa mbili tangu uitoe, rudia dozi.

Sasa tuzungumze ukweli wa vituo vyetu. Dawa iliyopo kila mahali ni seftriaksoni. Inafanya kazi, na haihitaji kurudiwa kwa kuwa inakaa mwilini muda mrefu. Siipendi kama dawa ya kinga kwa sababu mbili. Kwanza, sefazolini inaikamata vizuri zaidi stafilokokasi ya ngozi, ambayo ni adui mkubwa wa mshono. Pili, seftriaksoni ndiyo tunayoitegemea mama au mtoto akiumwa kweli, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la dawa za kuangaliwa kwa makini, wakati sefazolini na ampisilini ziko kundi la kutumika kwa kawaida. Ila kama kabatini kuna seftriaksoni tu, mama asikatwe bila kinga kwa ajili ya hoja yangu. Mpe, dozi moja, kabla ya kisu, na mwombe mfamasia aandike sefazolini kwenye oda ijayo ya NMS, bohari ya dawa ya taifa.

Ukitumia seftriaksoni, tazama chupa inayoning'inia. Ringa laktati ina kalsiamu, na kalsiamu ikikutana na seftriaksoni ndani ya mpira wa dripu inatengeneza chembechembe. Funga dripu, suuza mpira kwa maji ya chumvi, toa dawa kwa dakika 2 hadi 4, suuza tena, ndipo ufungue Ringa. Kingine ni ile seftriaksoni iliyochanganywa na lignokeini kwa ajili ya kuchoma kwenye msuli: hiyo isiingie kwenye mshipa kamwe. Soma maandishi ya kimiminika kilichokuja na kichupa, kwa sababu kwenye baadhi ya pakiti hukaa sanduku moja.

Metronidazoli haimo kwenye pendekezo la msingi. Vituo vingi huiongeza, na kama mwongozo wa hospitali yako unasema hivyo, miligramu 500 kwenye mililita 100 ziende kwa dakika 20 hadi 30, maana yake ianze mapema. Isiwe sababu ya kuchelewesha ile dawa kuu.

Mzio

Uliza swali zuri. "Una aleji na dawa yoyote?" huleta jibu la "hapana" hata kwa mtu ambaye mwili ulimvimba mwaka jana. Uliza hivi: umewahi kuchomwa sindano ya penisilini au kumeza amoksilini ukavimba midomo, ukashindwa kupumua, ukazimia, au mwili mzima ukatoka mabaka ya kuwasha? Kichefuchefu na kuhara si mzio. Mtu aliyetoka vipele vidogo miaka mingi iliyopita kwa amoksilini anaweza kupewa sefazolini, kwa sababu sehemu ya molekyuli inayoleta mzio haifanani na ya penisilini. Aliyewahi kuvimba koo au kuzimia usimjaribu hapo mezani. Mpe klindamisini miligramu 900 pamoja na jentamisini miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito. Klindamisini inatakiwa kuingia kwa dakika 30 au zaidi. Ukiisukuma, presha inaanguka.

Kila inapotolewa antibiotiki kwenye mshipa, adrenalini iwe imevutwa au iwe karibu na mkono: miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, yaani mililita 0.5 ya ile ya 1 kwa 1,000. Ndiyo sababu napendelea dawa itolewe kabla ya ganzi ya mgongo. Ganzi ikishashuka, presha inaanguka yenyewe, na mzio unaoanza utadhaniwa ni ganzi. Ukitoa dawa kwanza, ukasubiri dakika chache ukiandaa mgongo, unaona kama ngozi imebadilika au mama ameanza kukohoa.

Saa ya ukutani

Hili ndilo linaloshinda vituo vingi, na halitokani na uvivu. Uamuzi wa kupasua unafanywa saa mbili usiku. Mkunga mwangalifu anampa mama dawa hapohapo wadini, anaiandika, anaona kazi imekwisha. Kisha anatafutwa mtu wa usingizi, damu inatafutwa, jenereta linakataa kuwaka, mama mwingine anaingia na mkono wa mtoto umetangulia, na huyu wa kwanza anakatwa saa tano na nusu. Karatasi inasema amepewa. Nyama yake haina dawa ya kutosha.

Kwa hiyo tenganisha kuandika na kutoa. Dawa iandikwe wakati uleule wa kusaini ridhaa, isafiri na mama, na itolewe ndani ya chumba cha upasuaji baada ya kanula kuthibitishwa inafanya kazi. Lengo ni ndani ya dakika 60 kabla ya kisu. Apewe na mtu mmoja anayejulikana, na kwa maoni yangu awe mtu wa usingizi, kwa kuwa yeye ndiye anayeshika mshipa wakati huo na ndiye anayeona daktari ananawa. Jukumu likiwa la watu watatu halina mwenyewe. Akimaliza anasema kwa sauti, "Sefazolini gramu mbili, saa mbili na dakika kumi," na nesi anaandika kama inavyosoma saa ya ukutani. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ina swali hilo: je, dawa ya kinga imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita? Jibu liwe ni saa, si "ndiyo".

Ikiwa mama alipewa wadini na saa moja imeshapita, mpe tena. Dozi mbili za sefazolini hazitamdhuru mwenye figo nzima.

Kwa dharura kali, kitovu kimetangulia au mapigo ya mtoto yameshuka, usisimamishe kisu kusubiri dakika. Sukuma dawa wakati ngozi inapakwa. Dakika 5 kabla ni bora kuliko sifuri. Na ikiwa imesahaulika kabisa, mtu akakumbuka daktari yumo ndani ya tumbo, itolewe hapohapo; usiseme "basi, muda umepita".

Rudia sefazolini ikiwa upasuaji umefika saa 4 tangu dozi ya kwanza, au damu iliyopotea imezidi mililita 1,500. Kwenye damu nyingi hivyo dawa imemwagika sakafuni pamoja nayo, na maji uliyoongeza yamezimua iliyobaki. Mama aliyepasuka mfuko wa uzazi, akashonwa kwa saa tatu na kuwekewa chupa nne za damu, ndiye anayesahauliwa dozi ya pili, na ndiye anayeihitaji kuliko wote.

Kitu kidogo kinachosaidia: kisanduku cha kinga kikae chumba cha upasuaji, kila mfuko ndani yake ukiwa na vichupa viwili vya sefazolini, maji ya sindano mililita 20, bomba, sindano, pamba ya spiriti, na kipande cha plasta cha kuandikia saa. Mfuko ukitumika, mwingine unajazwa kabla ya zamu kubadilishana. Familia ikinunua, ile waliyonunua inarudi kwenye kisanduku, lakini mama hasubiri boda irudi kutoka mjini.

Azithromaisini

Kwa mama aliyekwishaanza uchungu au ambaye chupa imepasuka, kuna ushahidi wa kuongeza azithromaisini miligramu 500 kwenye mshipa. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2016, wanawake 2,013, lilikuta maambukizi yakishuka kutoka asilimia 12.0 hadi 6.1, ya kidonda peke yake yalitoka 6.6 hadi 2.4. Wote walikuwa wamepata dawa ya kawaida ya kinga, kwa hiyo hii ni nyongeza, haishiki nafasi ya sefazolini. Inaenda kwa dripu ya saa nzima, haisukumwi. Kama hospitali yako ina ya mshipa, itumie kwa wale wa dharura. Kama haina, usikose usingizi. Simamisha kwanza ile ya msingi kwa wakati wake.

Dawa haifanyi kazi peke yake

Mwaka 1879, Kahura katika Bunyoro, tabibu Mwingereza Robert Felkin alishuhudia mganga wa huko akimpasua mama na kumtoa mtoto. Kabla ya kukata, mganga alinawa mikono na kuosha tumbo la mama kwa pombe ya ndizi, kisha kwa maji. Damu aliizuia kwa chuma cha moto, ngozi akaibana kwa vijiti vyembamba vya chuma na kuifunga kwa kamba ya gome. Kwa maelezo ya Felkin, kidonda kilipona kwa siku 11. Antibiotiki hazikuwepo duniani. Kinachonigusa ni utaratibu: pombe kwenye ngozi kwanza, kisu baadaye.

Leo pombe hiyo ni klorheksidini iliyochanganywa na alkoholi. Paka, kisha acha ikauke yenyewe, dakika 3. Kuipangusa kwa kitambaa ni kuondoa kazi yako, na ikituama chini ya kiuno halafu mashine ya umeme ya kuzuia damu ikawashwa, inaweza kushika moto. Uke nao usafishwe kabla ya kisu, hasa kwa aliye kwenye uchungu: shashi iliyolowa povidoni ayodini, zungusha kama nusu dakika. Klorheksidini yenye alkoholi isiingie huko, inaunguza.

Wembe uondoke kwenye wodi. Kunyoa kunaacha mikwaruzo ambayo jicho halioni, na usiku mmoja unatosha kuijaza vijidudu. Nywele zikizuia kazi, punguza kwa mashine, dakika chache kabla. Kondo la nyuma litolewe kwa kuvuta kitovu taratibu. Kulichomoa kwa mkono kunaongeza maambukizi ya mfuko wa uzazi. Mafuta ya tumbo yakizidi sentimita 2 yashonwe, yasiachwe na shimo la kukusanya majimaji.

Siku tano za sindano

Nimelichelewesha hili la kuendelea na dawa baada ya upasuaji kwa kuwa ndilo gumu kubadilisha. Hoja ninayoisikia ni kwamba vyumba vyetu vya upasuaji si vya Ulaya: maji yanakatika, madirisha yako wazi, wodi ina kina mama wawili kitanda kimoja, dozi moja itatosha wapi? Ng'ambo ya ziwa, hospitali ya Bugando jijini Mwanza ililijibu swali hilo kwa mazingira yanayofanana na yetu. Wanawake 500 waligawanywa: nusu walipata dozi moja ya jentamisini na metronidazoli kabla ya kisu, nusu wakaendelea kupewa kwa saa 24. Waliopata maambukizi ya kidonda kwa dozi moja walikuwa asilimia 4.8, kwa dozi nyingi, asilimia 6.4. Hazikuongeza chochote. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013.

Sababu ni ileile ya bonge la damu. Dozi za siku ya pili na ya tatu hazirudi nyuma kuua kilichoingia wakati wa kisu. Zinachofanya ni kuua vijidudu vyepesi vya tumboni na kwenye ngozi, na kuacha vile sugu vikitawala. Kisha mama akipata usaha kweli, dawa uliyomzoesha haimsaidii. Pia kila sindano ni mlango: kanula ya siku tano yenyewe inaleta uvimbe na homa. Mhesabie nesi wa zamu ya usiku mwenye kina mama 30 muda wa kuyeyusha, kuvuta na kusukuma, kisha fikiria angeutumia vipi kupima presha na kutazama damu.

Ila usichanganye kinga na tiba. Mama aliyefika na homa, majimaji ya chupa yanayonuka na mapigo ya mtoto yaliyo juu tayari ana maambukizi. Huyo anatibiwa: ampisilini gramu 2 kila saa 6, jentamisini miligramu 5 kwa kilo mara moja kwa siku, na kwa kuwa anapasuliwa anaongezewa klindamisini au metronidazoli. Andika neno "tiba" kwenye karatasi, na sababu yake. Mama mwenye VVU asiye na dalili za maambukizi hahitaji siku za ziada. Dozi na saa ni zilezile.

Akirudi nyumbani

Mama huruhusiwa karibu siku ya tatu. Maambukizi ya kidonda huanza kuonekana siku ya nne hadi ya saba, na muda wa kuyaangalia ni siku 30. Maana yake mengi hayaonwi na aliyempasua. Yanaonwa na dada yake, na mama mkwe, na mwenye duka la dawa.

Homa ya nyuzi 38 na zaidi baada ya siku ya kwanza, tumbo la chini kuuma ukiligusa, damu ya uzazi kunuka: huo ni mfuko wa uzazi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hapa kwetu homa huitwa malaria kabla mgonjwa hajakaa kitini. Pima malaria, ndiyo, lakini fahamu kwamba kile kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha ndiyo kwa wiki kadhaa baada ya malaria kutibiwa. Mama aliyemeza dawa ya malaria mwezi uliopita anaweza kuonyesha ndiyo na huku anaugua mfuko wa uzazi. Funua nguo, tazama kidonda, bonyeza tumbo, kisha amua.

Kwa ndugu wa mama: kabla hajaingia chumba cha upasuaji, muulizeni musawo, yaani mhudumu wa afya, kwa upole, "Dawa ya kinga atapewa saa ngapi?" Si kumfundisha kazi, ni kumkumbusha katika usiku wenye mambo mengi. Bandeji itolewe baada ya siku moja au mbili. Baada ya hapo kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni wakati wa kuoga na kikaushwe kwa kitambaa kisafi, kisipakwe majani, majivu wala unga wa vidonge. Mama mwenye tumbo kubwa alale chali mara kadhaa kwa siku ili mkunjo upate hewa. Ananyonyesha kama kawaida. Dozi hiyo ya kinga haimkatazi.

Kidonda kikitoa usaha, kikiachia nyuzi, au wekundu ukipanuka kila saa, arudi. Maumivu makali kuliko kidonda kinavyoonekana, ngozi kugeuka ya kijivu au kutoka malengelenge, hasa ndani ya siku mbili za kwanza, ni dharura ya kuondoka nyumbani usiku huohuo, si ya kusubiri kuche. Na aje na karatasi yake ya kuruhusiwa, kwa sababu atakayempokea atahitaji kujua alipewa dawa gani, na saa ngapi.